Harambee ya Mheshimiwa Asiye na Akaunti

Lennox alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, alipomwona Mheshimiwa Kibet kwenye video ya simu akilia mbele ya benki.

"Ndugu zangu wa Birmingham, wamefunga akaunti zangu zote! Siwezi hata kununua mkate. Na kosa langu ni nini? Ni kusema ukweli!"

Benki haikuwa imetoa sababu yoyote. Mheshimiwa, aliyekuwa mbunge kule Kenya kabla ya wapigakura kumpa likizo ndefu, alizitoa zote mwenyewe: siasa, wivu, ukoloni. Wauguzi wa Kikenya mji mzima walikuwa wakimtumia pole. Lennox hakutuma pole. Yeye aliona jambo ambalo wenye huruma hawakuliona: mtu asiye na akaunti akichangiwa, mchango lazima upitie kwenye akaunti ya mtu mwingine.

"Malizia upande huu haraka," akamwambia kinyozi. "Nchi inaniita."

Lennox aliishi kwa mdomo wake na Mercedes nyeusi. Mercedes ndiyo iliyokuwa ofisi yake, cheti chake cha tabia njema na, akigombana na mwenye nyumba, kitanda chake. Watu walimsikiliza kwa sababu aliteremka kutoka humo. Aliipenda, masikini, kuliko alivyowahi kumpenda binadamu yeyote.

Walikutana mkahawani Digbeth. Mheshimiwa alikunywa chai, akaongeza mayai, akaongeza soseji.

"Mimi nitakuwa mweka hazina," Lennox alisema. "Tutafanya harambee, tuishtaki hiyo benki. Wewe pumzika tu, Mheshimiwa."

"Mungu akubariki, kijana wangu."

Hakuuliza hata swali moja. Lennox alimhurumia kidogo, kama mtu anavyomhurumia kuku wa Krismasi.

Jumamosi mchana ukumbi wa kanisa kule Acocks Green ulijaa pomoni. Pilau ilinukia, kwaya ikapasha koo, na Lennox, ndani ya suti, akashika kipaza sauti.

"Benki ni wezi!" akanguruma. "Leo ni Mheshimiwa, kesho ni wewe, sister Angeline! Utatoka night shift ukute mshahara wako umefungiwa!"

Muuguzi Angeline akashika kifua.

"Kwa hivyo toeni simu zenu, niwasomee namba ya akaunti yangu..."

Mheshimiwa akainuka taratibu. Mtu aliyezeekea kwenye harambee hukuondolea kipaza sauti mkononi nawe ukamshukuru.

"Mweka hazina amesema ukweli mtupu," alisema. "Benki ni wezi. Sasa, watu wangu, mchango wetu tuwapelekee wezi?"

"Hapana!"

"Na tangu lini harambee ikafanywa kimyakimya kwa simu, mtu anatoa na hakuna anayemwona? Kwetu nyumbani tunatoaje?"

"Mbele ya watu!" ukumbi ukaitikia, na kikapu cha sadaka kikatua kwenye meza ya Mheshimiwa.

Lennox alitabasamu kwa meno yote. Mheshimiwa akamwinamia sikioni. "Usijali. Fungua wewe na kitu kikubwa, ndiyo wafuate. Tukimaliza tutagawana huko nyuma, na chako nitakurudishia."

Kumbe mzee naye ni wa chama! Lennox akapumua. Chambo cha namna hiyo alikuwa amekitumia mwenyewe mara nyingi, tena kwa mafanikio. Akajipapasa mifukoni, asipate kitu kikubwa isipokuwa ufunguo.

"Mheshimiwa hana akaunti," akatangaza, "kwa hivyo hakuna atakayemkodishia gari la kumfikisha kwa wakili wake London. Mimi Lennox, kwa hiari yangu, nampa Mercedes!"

Akautia ufunguo kikapuni. Vigelegele! Simu zote zikainuliwa kumrekodi. Kemunto, anayetunza wazee kule Shard End, mwanamke mwenye mikono iliyozoea kuinua wagonjwa, alilia waziwazi, akamwaga mkoba wote kikapuni. Wengine wakafuata wakicheza.

Kisha mchungaji akasema tushikane mikono, tufumbe macho. Na hakuna Mkenya aliyelelewa vizuri anayefumbua macho maombi yakiendelea. Mchungaji huyu alikuwa mtu wa kuombea kila bara, na alikuwa bado Asia Lennox aliposikia huko nje mngurumo wa injini anayoijua.

Akafumbua jicho moja. Mheshimiwa hayupo, kikapu hakipo. Akajivuta kutoka, lakini mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Kemunto.

"Usitoke, ndugu yangu," Kemunto akanong'ona, macho ameyafumba. "Shetani hapendi mtu aliyetoa. Ndiye anakuvuta hivyo."

"Kemunto, niachilie, tafadhali."

"Shindwe!" Kemunto akapaza sauti, na ukumbi mzima ukasema amina.

Maombi yalipokwisha hakuna aliyeshtuka. Mheshimiwa si amewahi kwa wakili? Wakapanga foleni kumpa Lennox mkono. Aliwaza kwenda polisi, lakini angeenda na mdomo gani? Kila simu ukumbini ilikuwa naye akisema 'kwa hiari yangu'.

Alisimama kungojea basi namba kumi na moja, mvua ikinyesha, chini ya mwavuli wa Kemunto. Nyuma yao ilisimama nusu ya kwaya, ikimtazama kwa mapenzi. Simu yake ikalia.

"Mweka hazina!" Ilikuwa sauti ya Mheshimiwa, nyororo kabisa. "Hii gari ni tamu. Bima yake inaisha lini?"

"Ijumaa," Lennox akajibu kabla hajajizuia.

"Basi ilipie, kijana wangu. Wewe bado uko na akaunti."

Kemunto akamgusa bega. "Ni Mheshimiwa? Mwambie tunamwombea!"

Lennox akaitazama kwaya, nayo ikamwitikia kwa vichwa vyote.

"Wanakuombea, Mheshimiwa," akasema.