Hofu Isiyo na Picha

Kwa heshima na taadhima, naujulisha umma kwamba tangu mwezi Machi mwaka huu, hofu katika mkoa wetu si jambo la kusemwa kwa mdomo tena. Ni jambo la kupigwa picha.

Mimi, Sostenes, ni Katibu wa Kamati ya Uthibitisho wa Hofu, na tangazo hilo nililitunga mwenyewe. Mwenyekiti alilisoma mara mbili akasema lina uzito. Nami niliamini, kwa sababu nilikuwa nimelichapa kwa herufi nzito.

Chanzo cha Kamati ni mashine. Ililetwa kutoka ng'ambo ndani ya kontena jeupe, ikaegeshwa nyuma ya ofisi zetu hapa Shinyanga mjini. Mtu anadungwa dawa yenye mionzi kidogo, analazwa kwenye kitanda chembamba, kichwa kinafungwa mkanda, anasukumwa ndani ya tundu. Dawa inapanda hadi ubongoni, na pale kemikali za woga zilipovurugika, picha inawaka nyekundu. Watafiti walitaka kuelewa kwa nini mtu akishapatwa na janga, janga lile linabaki kichwani mwake. Sisi tulitaka fomu. Ndipo nikaandika Kanuni ya Nne: bila picha hakuna hofu, na bila hofu hakuna barua ya kwenda kliniki ya afya ya akili.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Maige, mchimbaji wa dhahabu kutoka upande wa Kharumwa. Duara lao, yaani shimo wanalochimba, lilititia akiwa chini, akakaa humo siku tatu. Tangu atolewe halali chumbani. Analala uani pamoja na ng'ombe, mvua inyeshe isinyeshe. Barua yetu ndiyo ingemfikisha kwa daktari.

"Shikamoo, mheshimiwa," mkewe, Vumilia, aliniamkia.

"Marahaba. Mgonjwa ana hofu?"

"Ndiyo iliyotuleta, baba."

"Hilo litasemwa na mashine, mama."

Wageni kutoka makao makuu walikuwa wameshaketi chini ya turubai na soda zao. Maige alipanda ngazi za kontena, akalitazama lile tundu, akashuka.

"Humo siingii gete, siingii kabisa," alisema taratibu. "Huko ndiko nilikotoka."

"Bwana Maige, hili si duara. Lina kiyoyozi."

"Hata kule kulikuwa na mashine ya hewa."

Nikaandika kwenye fomu: *Mhusika amekataa kupimwa hofu kwa sababu anaogopa.* Niliisoma tena, sikuona tatizo. Nilikuwa nautafuta muhuri wa HAIJATHIBITIKA pale Zipora, mtaalamu wa mashine, aliponishika mkono.

"Katibu, dozi imekuja na ndege asubuhi hii kutoka Dar. Tukichelewa, nguvu yote inaisha."

Wageni walitazama saa zao. Mwenyekiti alinitazama mimi. Nikavua koti, nikatangaza kwamba nitaingia mwenyewe kuonyesha kuwa hakuna cha kuogopa. Nilisema kwa sauti, ili wageni wasikie.

"Jina lililoingizwa kwenye mashine ni la Maige," Zipora alinong'ona. "Nikilifuta, naanza upya."

"Acha hivyohivyo. Ni maonyesho tu."

Nikadungwa, nikasubiri dawa isambae, nikalazwa, nikafungwa mkanda, nikasukumwa ndani. Zipora akatoka kwenda kwenye chumba chake. Mlango wa umeme ukajifunga. Kisha umeme ukakatika.

Ufunguo wa jenereta alikuwa nao dereva, na dereva alikuwa amekwenda kula sokoni.

Taarifa rasmi inasema Katibu alidumisha utulivu kwa dakika kumi na nne. Taarifa hiyo niliiandika mimi. Ukweli ni kwamba nilimwita mama yangu, ambaye yuko Geita, kisha nikamwita Mwenyekiti kwa jina la utani tunalomwita akiwa hayupo, kisha sauti ikakauka. Dari lilikuwa karibu kunigusa pua. Niliogopa kufa, naomba niseme hivyo bila kuzunguka. Kilichobaki kufanya kazi ni mkono mmoja, uliokuwa ukigongesha pete ya ndoa kwenye ukuta wa tundu.

Vumilia aliniambia baadaye kwamba wageni waliendelea na soda. Maige ndiye aliyesikia. Aliinuka, akaweka sikio kwenye bati la kontena, akaokota jiwe.

Nikasikia pigo moja tu: ko.

"Katibu," sauti yake ilipenya. "Unagonga ovyo. Sisi tukifukiwa tunagonga idadi ya walio hai. Wa nje anarudisha ileile, ujue umehesabiwa. Gonga moja."

Nikagonga moja. Akarudisha.

"Kule tulikuwa tunagonga mbili," alisema. "Siku ya pili nikabaki nagonga moja."

Niligonga, akarudisha, nikagonga, akarudisha, mpaka jenereta lilipounguruma.

"Usitikisike, Katibu," Zipora alisema kwenye spika. "Dozi inaisha, nipige picha."

Picha iliwaka kama tanuri la matofali. Wageni walipiga makofi. Mkubwa wao alisema hajapata kuona hofu iliyokamilika namna ile. Mwenyekiti akasaini hapohapo, mbele ya kamera, barua namba moja, kwa jina lililoandikwa kwenye picha. Nilifumbua mdomo. Zipora akanitazama. Nikaufumba.

Sasa Maige anakwenda kliniki kila Alhamisi, na ameanza kulala ndani, mlango ukiwa wazi. Mimi silali. Vikao vya Kamati nahudhuria nikiwa koridoni. Mwezi uliopita niliomba barua. Mwenyekiti alinisikiliza kwa makini, kisha akanisomea Kanuni ya Nne.

"Picha ipo, Mwenyekiti."

"Ipo ya Maige. Ya kwako iko wapi?"

Nimepangiwa dozi mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kwenye ngazi za kontena. Fomu yangu imeandikwa kwamba mhusika amekataa kupimwa hofu kwa sababu anaogopa. Walikuta sentensi iko tayari.

Jumanne iliyopita, mara ya tatu, Maige alikuja kwa bodaboda akaketi nami kwenye zile ngazi. Aliokota jiwe, akagonga bati mara mbili.

Mwenyekiti alichungulia dirishani akauliza kelele za nini.

"Tunahesabu," nilimjibu, na nikagonga mbili za kurudisha.