Tope Lenye Wakwe Kilindoni

Kabla mwaka haujaisha, jina la Mwalimu Laurean lingepigwa chapa kwenye ripoti ya kisayansi! Si mimi niliyesema. Alisema mwenyewe, kwa kinyozi, kwa wauza pweza, kwa bodaboda wote wa Kilindoni, hapa kisiwani Mafia, hata kwa fundi aliyekuja kuzibua choo chake. Mama mkwe kule Bukoba alipigiwa simu mara tatu, maana mara mbili za kwanza hakushtuka vya kutosha.

Kisa ni tope. Tangu bahari iwe hifadhi, watu walibishana tope linalofunika matumbawe linatoka mto gani. Akaja Dokta Samina kutoka Dar es Salaam na jawabu: kila mto una madini yake, na tope halisahau kwao hata likikaa chini ya bahari miaka mia. Ukilipeleka maabara, mashine inalitaja: huyu mtoto wa Rufiji, huyu wa Ruvuma. Dokta alihitaji msaidizi, na Laurean, mwalimu wa jiografia, alikuwa ameinua mkono kabla swali halijaisha.

Wakachota tope vituo kumi kwa mashua ya Nahodha Shaibu wa Jibondo. Kuchota ni neno la heshima. Laurean alitapika vituo tisa, na cha kumi alilala. Ila walipokanyaga nchi kavu akawa jemedari.

"Tope haliwezi kunidanganya," alimwambia Shaibu. "Nalitazama tu, nalijua kwao."

"Basi leo mmetazamana sana, mwalimu," Shaibu akajibu. "Maana kutwa hukuinua kichwa ukingoni."

Tope likaanikwa uani kwa Laurean, masinia kumi yenye namba. Hapo ndipo anapoingia Jovina, mkewe, mama kijacho wa miezi sita. Mama kijacho hutafuna udongo, nani asiyejua. Sokoni huuzwa vipande na huitwa pemba. Jovina alikuwa ametumiwa mfuko mzima na mama yake, udongo uliochimbwa kando ya Mto Kagera na kubanikwa jikoni kwa mkono wa mama mwenyewe. Haukumpendeza. Alisema hauna chumvi.

Asubuhi ya Dokta kupanda ndege na sampuli kwenda maabara, Laurean akakuta sinia la saba linang'aa kana kwamba limeoshwa.

"Jovina, tope langu liko wapi?"

"Lile la kijivu? Baba kijacho, lile lina chumvi yake nzuri. Nimeyaonja yote. La kwanza hadi la nne yanakwaruza meno. La tano, la sita na la saba ni ndugu, ila la saba ndilo laini."

"Umekula sampuli?"

"Nimekula mimi na mwanao."

Bodaboda wa kumpeleka uwanjani alikuwa mlangoni anapiga honi. Kusema kweli kungemponza kwa jambo moja tu, nalo ni jina lake kufutwa kwenye ripoti. Laurean akautupia jicho mfuko wa mama mkwe. Rangi ileile! Akautwanga udongo kwenye kinu, akatia kijiko cha chumvi ya jikoni ili upate ubahari, akafunga, akaandika saba, akapanda pikipiki.

Miezi miwili baadaye Dokta akapiga simu. Vituo vingine vyote vimeeleweka, alisema, ila tope la kituo cha saba ni la Mto Kagera. Je, mwalimu ana maelezo?

Mtu mwingine angeungama. Laurean akasema anayo, na atayatoa mbele ya mkutano wa kutangaza matokeo.

Ukumbi ukajaa. Jovina, tumbo limetangulia, akakaa benchi la mbele. Laurean, ndani ya koti lake la harusi, akafungua ramani. Tope, akaeleza, liliteremka Kagera hadi Ziwa Viktoria, likaingia Mto Naili, likavuka Sudani, likapita Misri, likamwagika Mediterania, likakata kona mfereji wa Suezi, likashuka Bahari ya Shamu, likaja kutua Mafia. Safari kama hiyo hata mabaharia wa zamani hawakuthubutu kuifunga!

Shaibu akanyoosha mkono. "Mwalimu, dunia yote hiyo lisitue kokote mpaka hapa kwetu. Kwani lina wakwe Kilindoni?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Laurean hakucheka.

Dokta Samina akageuza ukurasa kwa upole. "Maabara wameandika mambo mawili zaidi. Tope hili lina chumvi ya dukani, ile yenye madini joto. Na limebanikwa kwa moto wa kuni. Mwalimu, kule chini ya bahari uliona moshi?"

Ndipo Jovina, mke asiyependa kumwona mumewe akiteseka, akaamua kumsaidia.

"Dokta, huo ni udongo wa mama yangu. Wako niliula. Lakini usihangaike, ladha yake ilikuwa ileile ya wa tano na wa sita."

Dokta akatazama karatasi yake. Wa tano, Rufiji. Wa sita, Rufiji. Akamwomba Jovina asogee akae meza kuu.

Ripoti ikatoka Desemba, na nakala ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo sokoni. Jovina alikuwa ukurasa wa kwanza kabisa, kwenye shukrani. Laurean akajitafuta mpaka akajipata kwenye jedwali la chanzo cha tope la kila kituo. Namba tano: Rufiji. Namba sita: Rufiji. Namba saba: Laurean.

Aliona aibu, tena aibu ya kweli, akajipa moyo kwamba wasomaji wa majedwali ni wachache. Muhula uliofuata akatunga mtihani: taja mito minne inayoleta tope Bahari ya Hindi. Kati ya wanafunzi arobaini, thelathini na wawili waliandika Rufiji, Ruvuma, Pangani, Laurean.

Mwalimu akaishika kalamu nyekundu. Kuwakosesha ni kuipinga ripoti, na ripoti ndiyo pekee duniani yenye jina lake. Akaweka vema, karatasi moja baada ya nyingine, zote thelathini na mbili.