Risasi ya Nyavu Kwenye Redio ya Mama Mkwe

Leo nimeumbuka. Hasara nimeihesabu mara mbili na haipungui: suruali moja ya kitambaa, ngozi kidogo ya paja, na mbuzi mmoja ambaye sijamnunua bado lakini ameshakuwa wa watu.

Mama mkwe wangu yuko hapa kwangu Nyakato tangu juzi. Katoka kwao upande wa Bunda kuja kumwona mjukuu, na kesho asubuhi anarudi. Kaja na redio yake, ile aliyoachiwa na marehemu mzee, aliyeinunua mwaka ule pamba ilipolipa. Bila hiyo redio kuimba pembeni, mama halali. Sasa njiani ikatikisika, waya mmoja wa kwenye betri ukaachia, ikanyamaza. Usiku tukamsikia anageuka kitandani mpaka majogoo.

Kwetu huku, mtu na mama mkwe hawakaagi chumba kimoja wala hawaongeagi uso kwa uso. Maneno yanapitia kwa mke, hata kama mnasikiana vizuri. Kwa hiyo asubuhi mama akasema kutoka uani:

"Nyangeta, mwambie mkwe redio nitaipeleka kwa fundi Bunda."

Nikajibu kutoka sebuleni: "Nyangeta, mwambie mama, fundi wa nini na mimi nipo?"

(Hakuna aliyeniomba. Naomba mlizingatie hilo mnaponihukumu.)

Mke wangu hakumwambia mtu kitu. Akanigeukia mimi. "Baba Wegesa, wewe umewahi kulehemu nini?"

"Nimeangalia video."

Video yenyewe jamaa anaongea Kihindi, lakini mikono haina lugha. Anagusa waya na kile chuma cha umeme, kamoshi kanatoka, vinashikana. Basi. Nikajiuliza hawa mafundi huwa wanatutoza ya nini.

Nikaenda mjini kwa dada mmoja anayeuza vifaa vya umeme. Akaniwekea vitu vitatu mezani: chuma chenyewe, lehemu iliyoviringishwa kama uzi, na kikopo cha dawa ya njano. Nikamwambia nataka chuma tu.

"Kaka, hicho bila lehemu na dawa ya kuishikisha ni kijiti cha moto."

"Nipunguzie kijiti."

Akapunguza haraka mno. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka, mimi mtu wa soko. Akanifungia na kuniambia, "Mimi huwa nafunga saa kumi na mbili," kama vile nimemuuliza.

Mpango wangu ulikuwa huu. Lehemu ni kitu cha rangi ya risasi, kinayeyuka. Jirani yangu Mafuru ana nyavu za sato, na nyavu zina risasi za kuzizamisha. Risasi si risasi? Akanipa tatu za bure, nikazigonga kwa nyundo mpaka zikawa nyembamba kama kucha. Nilijiona mjanja kuliko duka zima.

Meza Nyangeta alininyima, kwa sababu ya vitambaa vyake. Nikaweka redio mapajani.

Risasi ikachelewa, ikachelewa, halafu ikayeyuka ghafla. Nikaipeleka kwenye waya. Haikushika. Ikajikusanya ikawa kidonge, ikateleza kama maji kwenye jani la gimbi. Nikadhani waya mchafu, nikaukwangua kwa wembe. Ikateleza. Nikadhani chuma hakijapata moto, nikasubiri mpaka ncha ikawa nyeusi kama sufuria ya makande. Ikateleza. Nikadhani umeme mdogo, nikazima friji. Nikarudia video. Kwa yule jamaa vilikuwa bado vinashikana.

Kutoka uani: "Nyangeta, muulize mkwe, kinachonuka ni redio au ni yeye?"

"Nyangeta, mwambie mama hiyo ni hatua ya kwanza."

Hatua ya pili nikaweka kipande kikubwa zaidi. Kikayeyuka chote, kikaukataa waya, kikazunguka ukingo wa redio taratibu kama kinachagua mahali, kikaniangukia pajani.

Risasi iliyoikataa shaba asubuhi nzima ilikubaliana na suruali mara ya kwanza. Ikashika. Ikapita. Ikanifikia.

Sikumbuki kuitupa redio. Nakumbuka mlango, nakumbuka kwamba pipa la maji liko uani, na nakumbuka kwamba mtu akiungua anavua. Nilisahau kimoja tu: mkwe hatokagi kwenda uani bila kukohoa kwanza, ili mama apate nafasi ya kugeuka.

Mama alikuwa amekaa pale pale penye pipa, anachambua dagaa.

Suruali ilikuwa kwenye vifundo. Bukta ni ya mtumba, niliipata kwa bei nzuri kwa sababu ya tundu. (Tundu liko wapi, msiniulize.) Mama akatazama. Mimi nikatazama dagaa. Na hapo hapo, sebuleni, redio iliyokuwa imeanguka kifudifudi ikaanza yenyewe kuimba kwaya, sauti yote. Mpaka sasa sielewi.

Mama akajifunika kanga usoni. Halafu, kwa utaratibu uleule:

"Nyangeta. Mwambie mkwe redio inasikika, ahsante. Na mwambie mbuzi awe jike."

Mila inajulikana: mkwe akionekana hivyo, mbuzi anatoka. Sibishani na mila. Lakini bei ya kwanza si bei. Nikiwa bado nimechuchumaa nyuma ya pipa nikamwambia Nyangeta amuulize mama kama jogoo mkubwa anaweza kutosha.

Jibu halikuhitaji mke wa kulileta.

"Mwambie nilichokiona ni cha mbuzi, si cha kuku."

Sijui kama nilitukanwa au nilisifiwa. Nyangeta amekataa kunifafanulia, alikuwa ameshika ukuta anacheka.

Redio sasa iko chumbani kwa mama, inaimba. Ukiisimamisha inanyamaza, ukiilaza kifudifudi inaendelea, kwa hiyo kesho mama atasafiri nayo hivyo hivyo, imelala mapajani kama mtoto. Hakuna anayethubutu kuifungua, nikiwemo mimi fundi.

Sasa naombeni ushauri. Anayejua kwa nini risasi ya nyavu haishiki waya, aniambie taratibu, dada wa dukani nimeona aibu kumrudia. Na mwenye mbuzi jike, mdogo, wa bei ya kuelewana, anitafute kabla ya basi la asubuhi. Asiniulize wa nini.