Nyumba Yenye Tabia

Ilitangazwa mbele ya boma la Njombe, na ngoma ikapigwa ili wasiojua kusoma wasikose kutii, kwamba Serikali kwa huruma yake imekubali kuwauzia wenyeji nyumba zake kuukuu. Ya kwanza ilikuwa ile ya Makambako, iliyojengwa na Wajerumani kwa haraka na kukaliwa na Waingereza kwa uvumilivu. Aliyeishi humo wakati huo ni Bwana Shauri Mdogo, Mzungu msaidizi wa mkuu wa wilaya. Aliyepewa kazi ya kuisifu ni karani na mkalimani wake, Manase, aliyetunukiwa cheo kipya cha Msimamizi wa Sifa za Majengo.

Manase alikuwa mtu wa serikali mpaka kwenye soksi. Jambo moja tu lilimkaa kooni. Nyumba hiyo ikiuzwa, Bwana Shauri angejengewa mpya, na mahali palipochaguliwa ni kilima cha Lyamkena, katika shamba la Esteria, mama yake Manase, pale pale alipozikwa baba yake. Serikali iliahidi kulihamisha kaburi kwa heshima zote, kwa toroli. Manase aliumia, tena aliumia sana, ila aliumia baada ya saa za kazi.

Bwana Shauri alimwelekeza aandike kwamba nyumba za zamani zina kitu ambacho nyumba mpya hazina, akakitaja kwa Kiingereza: character. Manase akafungua kamusi, akalikuta neno lenyewe: tabia. Basi akaandika kwenye kibao, kwa herufi kubwa, NYUMBA HII INA TABIA, na Bwana Shauri akatia sahihi chini yake.

Watu wa Makambako walisoma, wakarudi nyuma hatua chache. Kijana akisemwa kwamba ana tabia, hakuna mzazi anayemwoza binti yake kabla ya kuuliza majirani. Mnunuzi mmoja tu ndiye aliyejitokeza, Mzee Abrahamu, mfanyabiashara wa viazi, naye alimvuta Manase pembeni.

"Karani, tabia gani? Inaiba?"

"Ni tabia njema, Mzee."

"Sasa mbona mmeficha huo wema?"

Swali lilikuwa zito, likaundiwa kamati. Kamati iliamua kwamba neno "kuvuja" lisitumike tena ndani ya mipaka ya mji. Paa lile halikuvuja, lilishirikiana na mvua. Mlango wa mbele, uliogoma kufungika tangu vita, ukatajwa kuwa mkarimu. Kibao kikaandikwa upya: nyumba ina tabia njema, ni kavu, ni tulivu, yafaa kukaliwa hadi wajukuu. Bwana Shauri akatia sahihi tena, akiwa amevaa koti la mvua, kwa sababu alikuwa sebuleni.

Siku ya kuuza, Bwana Mkubwa wa Jimbo alifika kwa gari kushuhudia maendeleo. Watu walikuwa wamejaa. Walinong'onezana kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa kuwa nyumba haina miguu, serikali ilikuwa ikiwatembeza wao kuizunguka. Esteria aliagizwa alete ulanzi, pombe ya mianzi, ikiwa ni shukrani yake kwa shamba lake kuchaguliwa. Alipiga goti, akajaza kikombe, akanywa yeye kwanza, ndipo akamkabidhi Bwana Mkubwa.

Bwana Mkubwa akataka kujua kwa nini mama huyu anamnywea pombe yake. Manase akaeleza kwamba ndivyo ilivyo desturi: anayetoa huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani.

Esteria, angali amepiga goti, akasema kwa Kibena, taratibu, "Mwanangu, mfikishie neno langu. Mimi nimeonja changu na bado niko hapa. Huyu ameionja nyumba yake, mbona anaikimbia?"

Wazungu wote wawili wakamgeukia mkalimani. Manase angeweza kusema kwamba mama anashukuru. Ndivyo alivyotafsiri miaka yote, na wakubwa walikuwa wamezoea kushukuriwa. Lakini alimwona baba yake juu ya toroli. Akatafsiri neno kwa neno.

Bwana Mkubwa alisimama mbele ya kibao, akaomba asomewe. Kisha akamwita Bwana Shauri.

"Ni kavu?"

"Kavu, Bwana Mkubwa," alisema Bwana Shauri, kwa kuwa sahihi ilikuwa yake.

"Na tulivu?"

"Tulivu sana."

"Hadi wajukuu?"

Bwana Shauri alikohoa, maana kifua chake hakikuwa kizima tangu masika. "Hadi wajukuu," alikiri.

Bwana Mkubwa akatamka kwamba ni aibu kwa Serikali kuuza nyumba ya namna hiyo, na ni aibu zaidi kujenga nyingine. Kilima cha Lyamkena kiachwe kilivyo. Na kwa kuheshimu desturi za wenyeji, Bwana Shauri ataendelea kuionja nyumba mpaka utumishi wake katika Tanganyika utakapokwisha. Mzee Abrahamu alivua kofia, akamshukuru Mungu. Manase alijifuta macho waziwazi, mbele ya serikali nzima.

Mvua ikaanza kudondoka. Bwana Shauri, koo limemkauka, akanyoosha mkono aombe naye kikombe. Esteria akakijaza mpaka juu, akampa kwa mikono miwili, kwa adabu zote, bila kuonja.