Ng'ombe wa Chuma Aliyeamka Vibaya

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Bi Kabibi amenipa hadi Ijumaa jioni. Ukumbi wangu wa video ukijaa hata siku moja kabla ya hapo, nabaki. Usipojaa, chumba anapewa muuza magodoro. Chumba ni chake, mdomo pia ni wake. Sikubishana.

Sina wasiwasi. Nimepata kitu! Katuni kumi na mbili za sayansi, mfululizo mmoja, lakini kila moja na hadithi yake. Si za watoto: watu wanakufa, wanatukanana, wanauliza maswali kuhusu roho. Wahakiki wa ng'ambo wameupa alama tisini na nne kwa mia. Watazamaji wa kawaida, huko huko, hamsini na moja. Tofauti hii imeninyima raha mchana kutwa. Nani mwongo? Mji wetu wa Garsen utaamua. Nimefunga daftari la maoni mlangoni kwa kamba, na kalamu kwa kamba yake, maana nawajua watu wangu.

Ubaoni nimeandika: PICHA ZA WATU WAZIMA, SAA KUMI. Fupi, safi, inaeleweka.

Jumanne, 7 Oktoba

Imeeleweka vingine. Wanaume kumi na mmoja, wote kwa mlango wa nyuma, wengine wamejifunika shuka hadi puani. Kwa joto hili! Nikawasha. Roboti wawili wakajadili mwisho wa dunia kwa dakika kumi na mbili. Sauti ikatoka gizani ikiuliza hawa watavua saa ngapi. Nikaeleza kwenye maikrofoni (mtafsiri pia ni mimi) kwamba roboti hana cha kuvua. Wakatoka kwa mlango wa mbele, hasira imewasahaulisha kujificha.

Daftarini kuna neno moja: "Wizi." Hakuna jina. Kalamu imeibwa. Kamba ipo.

Bi Kabibi alikuja, leso kiunoni, kuuliza naonyesha nini katika nyumba ya marehemu mumewe. Nikamwambia ni sayansi. Akasema hata marehemu alikuwa akijitetea hivyo hivyo.

Dukicha, mwenye ukumbi wa mpira upande wa pili wa barabara, alinipungia mkono. Simpendi akipunga.

Jumatano, 8 Oktoba

Ubao mpya: SINEMA YA SAYANSI. Watu kumi na wanne. Maendeleo!

Hadithi ya kwanza ilikwenda vizuri. Fundi mwanamke anakarabati mwezi uliopasuka, kisha anakufa. Mtu mmoja alifuta jicho. Ya pili ikaanza na rubani. Hapo Levis wa bodaboda akasimama. Yule fundi yuko wapi? Nikasema amekufa, Levis, umeona mwenyewe. Akasema staringi hafi. Tangu azaliwe anatazama picha, hajaona mwenye picha akafa mapema hivyo asirudi. Wote wakamuunga mkono. Nikajaribu kueleza kwamba kila hadithi ina watu wake. Wakaniangalia kama niliyeuza mbuzi mmoja mara mbili.

Basi nikatumia akili. Nikatangaza kwamba rubani ndiye fundi, amebadilishwa mwili maabara. Makofi! Hadithi ya tatu akawa samaki. Hakuna aliyepinga. Wahakiki wa ng'ambo hawakuliona hili. Sijui kama hata waliochora wanalijua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya mnada, mji umejaa wafugaji. Ukumbi umefika nusu.

Hadithi ya nne: fundi wetu sasa ni ng'ombe wa chuma, peke yake kwenye sayari nyekundu. Kazi ya ajabu, unaona hadi kutu kwenye kope. Ng'ombe akalala. Muziki ukalia. Akaamka.

Ukumbi ukalipuka. Sikuelewa kitu. Mzee Godhana, mfugaji wa Kiorma aliyeingia kukwepa jua tu, akasimama mbele ya skrini na fimbo yake. Huyo kaamka kwa miguu ya mbele! Ng'ombe huinua makalio kwanza. Huyo ni punda aliyevaa pembe!

Nikamwambia mzee wangu, hii ni katuni. Akasema katuni isiyo katuni, makalio kwanza. Akaweka fimbo chini, akapiga magoti sakafuni, akaonyesha: makalio, kituo, kichwa. Mara mbili, ili walio nyuma waone. Watu walicheka hadi machozi. Mwingine akadai hata kiwele kimekaa mbele mno. Umeme ukakatika. Wakaendelea kubishana bila umeme.

Daftari limejaa kurasa nne. Hawatoi nyota, wanatoa mifugo. "Ng'ombe wawili, mmoja mgonjwa." Nimeisoma mara tano. Kwa kipimo cha ng'ambo hiyo ni ngapi?

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala ya alasiri ukumbi umejaa, wengine madirishani! Bi Kabibi alianza kuhesabu vichwa kwa kidole. Karibu atabasamu. Nikajua tafsiri yangu imewashika.

Kisha wakaanza kuniuliza Mzee Godhana anafika saa ngapi. Godhana! Nani anasoma maikrofoni hapa? Alipofika nikamzuia mlangoni kwa adabu, nikamsomea tangazo langu: KUAMKA KAMA NG'OMBE NI MARUFUKU. Akasema sawa, mwanangu, akavuka barabara. Ukumbi mzima ukavuka naye, na kidole cha Bi Kabibi kikabaki hewani.

Dukicha alizima mpira. Alizima mpira! Kutoka kule nikasikia mara tatu: "Makalio kwanza!" Nilibaki na Levis, ambaye alikuwa anamsubiri fundi.

Bi Kabibi hakukasirika, jambo baya zaidi. Magodoro yanaingia kesho.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimetafakari. Kosa limepatikana, na si mimi. Ni ng'ombe. Garsen kila mtu ni mtaalamu wa ng'ombe, sinema itapumulia wapi?

Nimepata chumba Bura, kwa bwana mmoja mkarimu, Farah, muuza maziwa ya ngamia. Wateja wake hukaa pale pale barazani kutwa, watazamaji tayari. Na nimepata mfululizo mwingine wa sayansi. Nimeukagua wote. Hauna ng'ombe hata mmoja. Ni ngamia watupu, wa kioo, wanalala na kuamka juu ya nyota. Wanaamkaje? Sikuangalia. Kwa Farah nani atajali?