Uzi Mweupe wa Bi Lindqvist

Jumatatu, 12 Januari
Baridi ya kukata masikio. Lakini Nou amesoma ukurasa mzima kwa sauti! Mjukuu wangu, miaka minane, ambaye tangu Septemba hakufungua kinywa darasani. Kazi ya Bi Lindqvist, mwalimu wa tatu mwaka huu wa masomo. Wa kwanza aliwawekea katuni. Wa pili alifaa, akahamia shule ya wilaya kwenye mshahara bora. Ndizo shule zetu za mkataba, za umma lakini zinazojiendesha zenyewe, hapa St. Paul, Marekani: rangi mpya ukutani, na walimu wanaoondoka kabla haijakauka. Huyu haondoki. Nimeapa.

Jumatano, 14 Januari
Nimempelekea kuku wa mitishamba, yule tunayempikia mwanamke aliyejifungua. Kamla mzima! Shemeji Tou, ambaye mjukuu wake yuko shule ya ng'ambo ya barabara, akanicheka. Kwao mwalimu ni yule yule mwaka wa nne. Eti shemeji, nyie watoto wenu wanafundishiwa kwenye kituo cha basi. Nina mpango.

Jumamosi, 17 Januari
Nimemwalika nyumbani tuiite roho yake. Sisi Wahmong, watu wa milima ya Laos, huiita roho iliyozurura irudi nyumbani, kisha humfunga mwenye roho nyuzi nyeupe kwenye kifundo cha mkono, isitoke tena. Sikumwambia kwamba ni mtego. Mayai, kuku, uvumba. Mlango wazi ili roho iingie, theluji mpaka kwenye zulia. Nikaita kwa sauti yote niliyobakiwa nayo: rudi nyumbani, roho ya Bi Lindqvist, rudi nyumbani! Nikapiga mafundo matatu badala ya moja. Nou naye akafunga uzi wake, akimfasiria kila neno. Bi Lindqvist akalia. Nimemkamata!

Jumanne, 20 Januari
Nou anasema mwalimu hazivui nyuzi hata akinawa. Nimempigia Tou simu kujitapa. Dakika kumi na moja.

Ijumaa, 23 Januari
Anaondoka.
Kaja mwenyewe kunishukuru. Mama yake anaugua huko kwao, mji wa Duluth. Shule ya huko ilimwita mara mbili, akakataa kwa ajili ya watoto. Nilipoiita roho yake irudi nyumbani, ndipo akajua nyumbani ni wapi. Alinishika mikono yote miwili. Nikamwambia safari njema, mwanangu, funga koti.
Tou alicheka hadi akakohoa. Shemeji, umemwita kwao mlango ukiwa wazi, ulitaka aende wapi?
Kwenye chakula Nou akauliza kama nami nilifungwa uzi nilipovuka mto Mekong kukimbia vita kwetu Laos. Nilifungwa, na mama yangu. Akauliza mbona basi sikurudi. Nikamwambia ale, wali unapoa.
Baadaye tukasoma kitabu alichoachiwa. Nilikosea neno. Akanisahihisha polepole, kidole kwenye mstari, kama mwalimu wake.

Jumatatu, 26 Januari
Mwalimu wa nne amefika. Bwana Pruitt, kijana, koti jepesi mno. Nou anasema hucheka vizuri.
Kosa langu nimeligundua: sikutaja anwani! Safari hii nitaiita roho kwa jina la mtaa, namba ya jengo, chumba cha darasa namba kumi na mbili. Nimenunua uzi wa kutosha shule nzima. Kuku yumo jikoni. Mafundo saba. Na mlango nitauacha wazi kidogo tu.