Malalamiko ya Mbeba Jeneza

Bweni la Wavulana,
Chuoni, Tanga.

Kwa Bi Tausi,
Mwenyekiti, Kikundi cha Maigizo Chanuo.

YAH: KUVUNJIWA HESHIMA NA MCHEZO WENU WA JUMAMOSI

Bi Tausi, shikamoo. Nakuandikia kwa adabu zote, ingawa moyo hauna adabu hiyo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Jumamosi usiku nilikuja ukumbini kwenu na wenzangu wanne: Turki, Lucas, Rahaf, na Benedikta aliyemsindikiza Rahaf. Wenzangu walikuja kutazama mchezo. Mimi nilikuja ili Rahaf anitazame mimi, maana tangu muhula uanze nilikuwa nikimwomba tutoke, na ndiyo kwanza alikuwa amekubali. Sasa hanisemeshi. Chanzo ni ninyi, na nitaeleza kwa utaratibu.

1. Mgonjwa wenu aliomba msaada kwa watu waliolipa kiingilio. Pazia linafunguka, mzee wa ng'ambo ya mto Pangani yuko hoi, hana wa kumbeba hadi kivukoni apelekwe hospitali. Hapo sina neno. Lakini mkewe alishuka jukwaani akatujia vitini, mstari kwa mstari: "Kaka zangu, wanne tu, kitanda ninacho." Turki akamjibu, "Dada, sisi watazamaji, waombe waigizaji wenzio." Lucas, aliyekulia milima ya Lushoto akibeba magunia ya viazi, akasema anaumwa mgongo. Mama wa watu akasimama mbele yangu. Nikaangalia simu. Simu ilikuwa imeisha chaji, ila yeye hakulijua hilo. Rahaf alilijua.

2. Mgonjwa akafa. Ni haki yake. Lakini mkalipitisha jeneza katikati ya viti, mbele ya wanaume wa Tanga! Bi Tausi, wewe ni mtu wa hapahapa. Unajua fika kwamba jeneza likipita mwanamume hakai. Huinuka akatia bega, hata marehemu awe hamjui. Tuliinuka kama arobaini. Mgongo wa Lucas ukapona palepale. Turki alikuwa akiwapiga watu vikumbo: "Nipisheni jamani, nami nipate thawabu!" Nasikia mlikusudia lizunguke ukumbi mara moja lirudi jukwaani. Mngetuambia. Sisi tuliukuta mlango wazi, na jeneza kwa desturi yetu halirudi nyuma.

3. Njiani hakuna aliyetusahihisha. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki wakapokea. Muuza kahawa aliliacha birika lake juu ya makaa. Tulipofika Barabara ya Nane tulikuwa zaidi ya mia, tunabishana tukazike wapi, wengine wanataka twende Pongwe, ndipo marehemu alipoinua kichwa na kusema, "Jamani, mchezo bado, nirudisheni." Huyo ni ndugu Kombo, mwigizaji wenu. Ni maiti gani huyo anayetoa maelekezo? Watu walitawanyika bila kuagana, na sisi tuliobaki tukamshusha kwa kasi iliyolingana na hali yenyewe.

4. Hili ndilo zito. Wakati sisi tuko kwenye kheri, mjane wenu alisimama akavihutubia viti vyetu vitupu: hawa wote walikuwa wapi, mume wangu alipohitaji wanne tu? Bi Tausi, kumsema mtu ambaye hayupo ni kusengenya. Nasikia wanawake waliobaki walimpigia vigelegele, na Rahaf alipiga kuliko wote. Niliporudi mbio, shati limeloa jasho, nikitegemea pole, aliniambia maneno mawili: "Hongera. Umebeba." Hajaniongezea la tatu mpaka leo.

Na mjane angefikiri asingeuliza. Kumbeba mgonjwa hakuna mwisho. Ukimfikisha hospitali utaulizwa nani atalala naye, nani atatoa damu, nani ataleta uji asubuhi. Akipona ndiyo hatari zaidi, maana anaweza kuugua tena na ameshakujua. Marehemu humbebi mara mbili. Na siku ya kumbeba watu wote wanakuona.

Kwa hiyo naomba yafuatayo: mgonjwa afe kabla ya pazia kufunguliwa, asisumbue watu, jeneza lifungwe kamba jukwaani, nami nipewe barua yenye muhuri wa kikundi, inayothibitisha kuwa Muntasir ni mtu wa kusaidia watu, nikamwonyeshe Rahaf.

Wafikishie salamu wanakikundi wote, wapiga ngoma, mkata tiketi, na huyo mjane pia. Mwambie sina kinyongo.

Ni mimi mwanao, mwenye bega lililochubuka,
Muntasir.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Turki amenijulisha kuwa ndugu Kombo aliteguka mguu tulipomshusha, na kwamba alikuwa akituita wakati tunaondoka. Sauti niliisikia, sikatai, lakini nilidhani bado anaigiza. Inasemekana alihitaji watu wawili tu wa kumshika hadi kwenye bajaji. Akawapata: Rahaf na Benedikta, walipokuwa wakirudi bwenini. Nasikia Rahaf sasa huenda kumtazama kila siku. Mimi sitaweza kufika, wiki hii tuna mitihani. Mpeni pole yangu. Ila Mungu apishe mbali, likitokea la kutokea, msisite kunipigia saa yoyote. Nitakuja, na watu arobaini.